Eda Yangu ya Miezi Kumi na Moja

Mimi sijawahi kuwa mwanamke wa kila mwezi. Nalisema hili wazi kwa sababu nimezeeka, na wa kunicheka walishanicheka zamani wakamaliza. Wenzangu walizijua siku zao kama wanavyoijua siku ya gulio. Mimi zilinijia zilipotaka zenyewe. Mara miezi minne kimya, mara sita, halafu zije siku kumi na mbili mfululizo mpaka vitambaa viniishie ndani ya nyumba.

Siku hizi jambo hili lina maelezo. Binti yangu ana shida hiyo hiyo, na mwaka juzi nilimsindikiza hospitali. Daktari, mama mmoja mpole, alimpitishia kipimo tumboni akatuonyesha kwenye kioo. Alisema mayai ya mwanamke yanatakiwa yakue, moja lipevuke na kutoka kila mwezi, lakini kwa wanawake wa namna yetu yanaanza kukua halafu yanakwama, yanabaki pale kama vifuko vidogo vidogo. Ndiyo maana damu haina ratiba. Ndiyo maana na ndevu mbili tatu kidevuni, na mwili kuwa mzito hata ukila kidogo. Nikamwambia, "Daktari, hayo yote uliyoyataja ninayo tangu sijavunja ungo vizuri." Akacheka, akasema basi binti amerithi. Nikasema arithi na ukaidi pia, utamsaidia.

Lakini enzi zetu hapakuwa na kioo cha kutuonyesha. Palikuwa na majirani.

Shule nilisoma mpaka darasa la pili. Baba alipofariki nililetwa Tabora mjini, Cheyo, kwa shangazi yangu, dada yake baba, mjane asiye na mtoto na mwenye mdomo kuliko mimi. Yeye ndiye aliyenilea, na yeye ndiye aliyeniozesha kwa fundi cherehani mmoja wa mjini, kijana mtanashati, mikono laini. Hakuwa mtu mbaya, nisimsingizie. Alikuwa mtu wa mama yake, basi.

Ubaya ulianzia kwenye Ramadhani. Kila mwanamke anajua kwamba siku za hedhi hafungi, anazilipa baadaye. Ramadhani ya kwanza katika ndoa nilifunga thelathini zote. Nikajiona bingwa. Ya pili, thelathini. Mama mkwe akaanza kunitazama wakati wa futari kama anayetazama kuku asiyetaga. Ya tatu nilipofunga tena thelathini, aliweka bakuli la uji chini akasema mbele ya mawifi, "Hebu niambieni jamani. Huyu mwanangu kaoa mke au kaoa mwanamume mwenzake?"

Wakacheka. Wifi mmoja akadakia, "Mama, mtazame na kidevu."

Mimi nikasema, "Kidevu hiki kinatafuna chakula nilichokipika mwenyewe. Nawe kula chako, kinapoa." Lakini usiku huo huo mama alikwisha kumwingia mwanawe sikioni, na Ramadhani iliyofuata ikawa ya mwisho kwangu nyumbani kwao. Nilikuwa nimekunywa mizizi ya kila mti, nimechemshiwa na kufukizwa, mtoto hakuja. Mwaka wa nne, wiki moja baada ya Idi, nilirudi kutoka kisimani nikakuta sanduku langu liko barazani. Kisheria nilipaswa kukalia eda yangu mle mle nyumbani kwake, lakini mama yake hakuwa na habari na sheria. Mume akanipa talaka moja, akiwa ameinamia cherehani yake kana kwamba anatafuta sindano iliyoanguka.

Nilijitwika sanduku nikaenda Cheyo. Shangazi alikuwa anachambua mchele. Alitazama sanduku, akanitazama mimi, akasema, "Sogeza ungo huo ukae."

Sasa hapa msomaji anielewe, maana kisa chote kiko hapa. Mwanamke akipewa talaka moja bado hajaachika kabisa. Anakaa eda, na eda yake ni kuona damu mara tatu. Ya tatu ikianza, eda imekwisha, yuko huru. Lakini kabla haijaanza, mume ana haki ya kumrudisha kwa neno moja. Hahitaji posa wala mahari mpya, wala hahitaji kumuuliza mwanamke anataka au hataki. Anasema tu mbele ya watu wawili, "Nimemrejea mke wangu," na sanduku linarudi lilikotoka.

Kwa wanawake wengi mambo haya humalizika ndani ya miezi mitatu hivi. Kwa hiyo watu mitaani walizoea kuhesabu miezi mitatu na kusema fulani katoka eda. Hakuna aliyeuliza damu. Mimi ilipotimia miezi mitatu nilikuwa sijaona hata tone.

Nikamwambia shangazi. Akasema, "Kaa kimya. Umekaa miezi mitatu, wote wameona. Nani atakuchungulia?"

"Mungu," nikasema.

"Mungu anajua kwamba hukutaka kuondoka ukaondolewa. Hatakuadhibu."

Nilikaa kimya, maana hakuna aliyeniuliza. Lakini nilibaki ndani. Kusafiri sisafiri, harusini siendi. Mwezi wa nne ikaja ya kwanza. Nikafurahi kama niliyepokea mgeni kutoka Hija. Kisha kimya tena.

Katika kukaa huko ndiko nilikojipatia kazi. Ilikuwa miaka ile ya vijiji vya ujamaa, watu wa porini wamehamishwa kusogezwa barabarani, na sukari imepotea madukani. Mzee mmoja Mnyamwezi, mrina asali wa kule Goweko, alikuwa akishuka treni na madebe yake na kuyauza kwa shida sokoni kwa sababu asali yake ilikuwa na masega, nyuki waliokufa, na vipande vya magome ya mizinga. Siku moja alipita kwetu kuomba maji. Nikamwambia, "Babu, niachie debe moja nikusafishie."

"Utalisafishaje, mwanangu?"

"Nitajua likiwa mbele yangu."

Nilichuja asali ile kwa kipande cha kitambaa cha chandarua, polepole, jua likiipasha. Masega nikayayeyusha kwa maji ya moto nikapata nta. Asali ikatoka rangi ya chai, unaona kidole upande wa pili. Baada ya wiki mbili watu walikuwa wanakuja na vikombe mpaka mlangoni kwa shangazi. Wengine mjini walikuwa wanaongeza maji, wengine wanaichemsha na sukari guru. Mimi sikuongeza kitu. Mtu akinitilia shaka namwambia adondoshe tone kwenye mchanga: ya maji inazama, ya kweli inakaa juu na kuviringika. Nilijulikana kwa tone hilo. Yule mzee alinisihi twende wote Goweko, anijulishe kwa warina wenzake wote, kwa sababu mizinga ilikuwa imebaki mbali porini na wao wamewekwa kijijini, wanataka mtu mmoja wa kumwamini. Nilimwambia, "Babu, siwezi kusafiri. Niko eda."

"Eda gani hiyo? Mwaka wote huu?"

"Ni ndefu kama mimi."

Jirani yetu, balozi wa nyumba kumi, alikuwa na darasa la kisomo cha watu wazima barazani kwake, na hapo ni hatua thelathini, nikajiruhusu. Mwalimu wetu, binti mdogo kuliko mimi, alisema kila mtu aandike kitu kinachomhusu mwenyewe. Wenzangu waliandika majina ya watoto. Mimi nikaandika tarehe ya damu yangu ya kwanza ya eda, nikaiwekea nyota. Hilo ndilo jambo la kwanza nililoliandika kwa mkono wangu nikiwa mtu mzima. Mwezi wa kumi ulipoanza, nikaweka nyota ya pili.

Na mwezi huo huo wa kumi yule bwana wa cherehani akaleta posa.

Alikuja mchana, amevaa kanzu iliyonyoshwa, pamoja na shekhe wa mtaa na wazee wawili. Mama yake naye alikuja, kwa shingo upande, akakaa uani na shangazi. Mimi nikawa chumbani nyuma ya pazia, kama desturi. Nilisikia kila kitu. Mume wangu alisema amejuta, nyumba imepoa, na kwa kuwa eda imekwisha siku nyingi anaomba kunioa upya, na mahari yuko tayari kutoa. Akasema na mimi nikitaka kuendelea na asali yangu hatanizuia, tena baraza lake liko barabarani, wateja wataniona. Hapo nikaelewa kilichomleta.

Shangazi akaja chumbani mbio, kanga inamdondoka begani. Alikuwa amefurahi.

"Umesikia? Anaposa! Akiposa ni lazima uulizwe. Sema hutaki, wataondoka na mambo yataisha leo."

"Shangazi, mimi bado niko eda."

"Wao hawajui."

"Mimi najua."

Alinishika mkono kwa nguvu. "Sikiliza wewe mtoto. Ukitoa neno hilo mdomoni, yule haposi tena. Anakuchukua. Anasema neno moja tu pale barazani na kesho uko nyumbani kwa mama yake unafua. Asali ndiyo basi. Goweko ndiyo basi. Unanielewa?"

Nilimwelewa vizuri kuliko yeye mwenyewe. Nilikuwa na miaka ishirini na minne, na kwa mara ya kwanza nilikuwa na kitu changu. Nilijua pia kwamba sheria inamwamini mwanamke katika jambo la damu yake. Nikisema nimemaliza, shekhe hana pa kupitia kunikanusha. Kusema uongo kulikuwa rahisi kama kupiga chafya. Lakini nikafikiria: nikiongeza maji leo, kesho mtu akinioa ndoa ni batili na sijui nitamwambia nini, na kila nitakachosema maisha yangu yote, mimi mwenyewe nitajua kina maji. Sikuwa mcha Mungu sana, nisijisifu kwa hilo. Nilikuwa na kiburi tu. Sikutaka yule bwana anifanye mwongo juu ya kuwa alinifanya mwanamume.

Shekhe akauliza kutoka barazani, "Bibie, umesikia maneno ya mwenzio. Imekwisha eda yako, nasi tupate kusikia jibu lako?"

Nikasema kwa sauti, "Bado, shekhe."

Mzee mmoja akakohoa.

"Bado vipi, mama? Hii ni miezi kumi."

"Miezi kumi, ndiyo. Damu nimeiona mara mbili. Nimeandika."

Nikamsikia shangazi anaketi chini pu, kama gunia. Shekhe alivuta pumzi, akasema taratibu, maana alikuwa mtu wa haki hata pale haki ilipomuuma mtu, "Basi, bwana, posa hii haina kazi. Huyu bado ni mkeo katika eda. Ukitaka kumrudisha sema umemrejea, sisi hapa ni mashahidi, na iwe hivyo."

Nilijishika kwenye nguzo ya kitanda. Nilimsikia mume wangu akifungua mdomo, nakwambia, nilimsikia. Na hapo kutoka uani ikaja sauti ya mama yake, imepasuka kabisa:

"Usiseme! Usiseme neno wewe! Miezi kumi, mara mbili? Unarudisha nini, gogo? Mimi nilisema zamani huyu si mwanamke, mkanicheka! Inuka twende!"

"Mama, hebu..."

"Hebu nini? Yule mtoto wa mjomba wako Nzega anakungoja mzima mzima, wewe unataka kurudi kwenye jangwa! Inuka!"

Mume wangu akasema, kwa ile sauti yake ya kutafuta sindano, "Shekhe, nipeni siku chache nifikirie."

Nikajibu mimi, ingawa sikuulizwa. "Fikiria, mume wangu. Mimi nina nta motoni."

Walipoondoka shangazi alihangaika na vyungu mpaka magharibi. Kisha akasema, "Kama ningekuzaa mimi ningekupiga." Akaanza kutwanga tangawizi.

Alitaka kuivuta ile ya tatu ije. Alinichemshia tangawizi na mdalasini, akaongeza majani aliyopewa na mkunga wa Ntalikwa, asubuhi kikombe, jioni kikombe. Sikupata kitu ila kiungulia. Kila nikitoka chooni ananikuta mlangoni. "Vipi?" "Bado." "Umetazama vizuri?" "Shangazi, si kutafuta chawa huku!" Tulikuwa tunacheka, lakini mimi nililala nikiwa nimekunja ngumi. Miaka yote damu ilipochelewa nilikuwa nailaumu kwa ajili ya watu wengine: mume, mama mkwe, mawifi. Safari hii nilikuwa naingoja kwa ajili yangu. Na ilikwisha kunizoesha miezi minne, mitano. Mume wangu alihitaji siku moja tu afunge mdomo wa mama yake.

Habari zikatufikia kwamba amekwenda Nzega kumwona huyo mtoto wa mjomba. Nikaomba barabara iharibike asirudi upesi. Kisha tukasikia amerudi peke yake. Binti amesema hataki fundi mwenye mama wa namna ile. Nilimpenda binti yule bila kumjua, lakini nikajua pia kwamba sasa siku zangu zimehesabika.

Ilikuwa siku ya kumi na tisa tangu posa. Nilikuwa nimechuchumaa uani nakamua kitambaa cha asali, saa mbili asubuhi, nikahisi kiuno kinavuta chini. Nikasema ni kuchuchumaa. Nikaendelea kukamua. Halafu nikaacha kila kitu, mikono inanata mpaka viwikoni, nikaenda chooni.

Nilitoka nikamkuta shangazi pale pale alipozoea. Hakuuliza. Alinitazama usoni tu, akapiga kigelegele mpaka balozi akatoka na mswaki mdomoni kuuliza nani kajifungua.

"Wacha kelele, nenda kwa shekhe!" nikamwambia.

Alikwenda na daftari langu la kisomo. Shekhe alihesabu kutoka nyota ya pili, siku thelathini na nane, akasema muda unatosha na damu hiyo inahesabika. Lakini akasema tungoje mchana mmoja na usiku mmoja ili ijulikane kweli ni hedhi si kitu kingine. Ikiendelea, basi eda ilikwisha ilipoanza. Nikasema kama ni hivyo asiwe na wasiwasi. Ya kwangu ikishaingia haina haraka ya kutoka.

Kesho yake kabla ya adhuhuri yule bwana alikwenda kwa shekhe na mashahidi wawili. Hakumchukua mama. Akasema, "Nimemrejea mke wangu." Shekhe akamwambia amechelewa kwa siku moja. Basi akaja mbio nyumbani kwetu, shekhe nyuma yake anahema, na wote wakasimama barazani.

"Ni uongo!" mume wangu akapiga kelele. "Miezi kumi mara mbili, halafu leo, leo hii, ya tatu imefika ndani ya mwezi mmoja? Imepanda treni?"

Nilikuwa nyuma ya pazia tena, lakini shekhe ndiye aliyejibu. Sijasahau alivyosema, bila kupandisha sauti.

"Mwanangu, siku ile mimi nilimuuliza mwanamke huyu swali moja. Kama angeniongopea, angekuwa huru saa ile ile. Aliniambia ukweli, na ukweli ule ulikupa wewe mamlaka juu yake, siku kumi na tisa. Hukuyatumia. Leo unataka nimwite mwongo. Kwa lipi?"

Wapita njia walikuwa wamesimama. Mume wangu akasugua kanzu yake, halafu akasema kwa upole, na kwa kweli sauti ilinigusa kidogo, "Basi naposa upya. Leo. Mahari atakayotaka mwenyewe."

"Hapo sawa," shekhe akasema. "Hapo ni lazima aulizwe. Bibie?"

Nikafungua pazia nikatoka. Shangazi akanivuta kanga, nikamwachia mkononi akabaki nayo, nikajifunika na nyingine. Nilimtazama mtu yule niliyemfulia miaka minne.

"Asante kwa kuniuliza," nikamwambia. "Ndiyo mara yako ya kwanza. Sitaki."

Akaitikia kwa kichwa, akaondoka. Baadaye alioa, akapata watoto, na mpaka anakufa alikuwa akinunua asali kwangu. Nami niliolewa tena nikiwa na zaidi ya miaka thelathini, na mwanangu huyu wa pekee alikuwa na miezi minne tumboni sijui kama nina mimba, kwa maana kukosa damu kwangu haikuwa habari ya kumshtua mtu.

Lakini hayo yalikuja mbele. Wiki ile shangazi alitaka nipumzike kwanza mpaka nimalize siku zangu. Nilimwambia nimepumzika miezi kumi na moja. Nilijifunga vitambaa vinne, nikavaa kanga mbili, nikachukua madebe matupu sita na daftari langu, nikaenda stesheni. Yule mzee wa Goweko alikuwa amekaa pale juu ya mzigo wake anangoja treni.

"Eda imekwisha?" akauliza.

"Imekwisha, babu. Sogea nikae."

Akasogea.